Mvua ya Nairobi Hutufikia Kesho Kutwa

Ndanu, mwanangu ambaye kila nikikuita jina namwita pia mama yangu mzazi,

Nimekaa huku chini kwenye pampu, juu ya kreti ya nyanya, na karatasi nimeiweka kwenye ule mlango wa buluu tunaoanikia vitunguu. Jua linaelekea vilima vya Chyulu. Ng'ambo ya mto vilima vya Kitui vimeanza kupata ile rangi yao ya jioni, na maji yanapita polepole, ya kahawia, na povu kidogo pembeni. Mama yako yuko nyumbani anashindilia ndengu kwenye begi lako, na kila nikikaribia ananiambia nimpishe. Kwa hivyo mambo ya blanketi, sufuria na kanisa utakalosali nimemwachia yeye. Anayajua kuniliko, na zaidi ya hayo hataki msaada.

Mimi nataka tuzungumze habari ya mto, na ya hilo jiji unaloenda kesho, na kwa nini anko wako Kyalo aliacha chakula Jumapili.

Ulituambia umepata nyumba. Chumba kimoja, kodi nafuu, si mbali na hiyo kampuni ya kutengeneza lifti iliyokuajiri. Kisha ukaongeza, ukitabasamu, "Iko tu karibu na mto." Susu yako, mama yangu, akapiga makofi. "Aka! Mtoto wangu atakaa mtoni! Huyo hatalala na kiu." Kyalo akaweka sahani chini, muthokoi haujafika hata nusu, akatoka nje. Nami nikaanza kuzungumza habari za mbuzi. Nilikuona ukituangalia mmoja mmoja. Nadhani ulifikiri anko anakuonea wivu, kwa sababu wewe unaenda na yeye alirudi. Sivyo, mama. Ngoja nikueleze.

Unajua mto ni nini kwetu. Susu alizaliwa upande wa Kanyangi, na utoto wake wote alikuwa akichimba mchanga wa mto mkavu mpaka kiunoni ili punda apate kunywa. Siku alipovuka akaolewa huku, akakuta maji yanatembea mwaka mzima, hajaamka mtu kuyachimba, alidhani ameolewa ikulu. Mama yako ndiye pekee aliyecheka. Yeye ni wa Mbooni, kwenye ukungu na parachichi, na siku ya kwanza nilipomleta kuona utajiri wetu alisema, "Haya matope?" Lakini hata yeye alizoea. Huku, ukisema mtu anakaa kando ya mto, umeshasema ana nyanya, ana sukuma wiki, ana pampu, na watoto wake wako shule. Hakuna haja ya kuongeza neno.

Sasa wewe ukiwa bado unatembea kwa kushika kuta, Kyalo alikwenda Nairobi. Siku moja akapiga simu, akamwambia Susu, "Mama, nimepata nyumba. Iko karibu na mto." Maneno yale yale uliyoyasema wewe Jumapili. Susu akayapeleka kwa akina mama wa ushirika wa kanisani. Jumapili iliyofuata nyumba ilikuwa imekuwa ploti. Kufika Krismasi ploti ilikuwa na ng'ombe wa gredi. Sikumsahihisha, maana hata mimi niliamini. Nikiwa nanyunyizia nyanya maji nilikuwa nikimwona Kyalo huko juu, amevaa kofia pana, amesimama kati ya mistari ya kabichi, na nyuma yake majumba marefu, na mto unapita katikati ukiwa safi. Ilikuwa picha nzuri sana. Wakati mwingine bado inanijia, na inachukua muda kuondoka.

Unanijua mimi na utani. Kila Desemba nilimpigia simu nikamwambia, "Bosi, watu wamejipanga barabarani wanauliza utakuja na gari rangi gani." Alikuwa anacheka. Kisha hakuwa anakuja. Mwaka huu mzigo ni mwingi kazini, mwaka ujao amepata homa. Mimi nikaona ndiyo maisha ya watu wenye mali, hawana nafasi. Nikaendelea na utani wangu, na kila mwaka niliongeza ukubwa wa gari.

Halafu ikaja ile mvua kubwa. Wewe ulikuwa shule ya bweni na tulikuambia kidogo tu. Redio ilisema mito ya Nairobi imepasua kingo na watu wamebebwa. Simu ya Kyalo ikawa haipatikani. Asubuhi Susu akaniambia, "Nenda umtafute. Si kazi ngumu. Fuata mto tu, utampata."

Nami nilikwenda nikijua ni rahisi. Nilipofika nikamwuliza kijana mmoja wa kuosha magari, "Mto uko wapi?"

"Upi, mzee?"

"Mto."

Akacheka, lakini si kwa ubaya. "Hapa kuna Mto Nairobi, kuna Mathare, kuna Ngong, na zingine mimi hata majina sijui. Unataka gani?"

Nilikaa kwenye ukingo wa barabara na begi langu la njugu. Mtu wa nchi kavu hajui kwamba mahali pamoja panaweza kuwa na mito mingi. Nilihisi kama nimetumwa kumtafuta mtu mwenye pua.

Nikachagua mmoja, nikaanzia juu. Jiji lile limeinama, mwanangu. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo, na nadhani wengi wanaoishi huko hawajui. Upande wa machweo kuna miinuko na miti mikubwa, na huko mto ni kijito tu kinachopita nyuma ya ua wa mtu. Unasikia ndege. Majani yamekatwa yakalingana. Walinzi waliniuliza namtafuta nani, nikasema ndugu yangu anayekaa mtoni, na mmoja wao, mtu wa Mwingi nadhani kwa jinsi alivyotamka, akanionea huruma. Akanyoosha mkono kuelekea macheo. "Teremka, mzee. Watu wa kukaa mtoni wako huko chini."

Nikateremka. Katikati ya jiji mto unapita chini ya madaraja, na watu wanapita juu yake bila kuangalia chini. Ukizidi kwenda, ardhi inalala, nyumba zinaanza kusogeleana. Ghorofa zimekaribiana mpaka mtu anampa jirani chumvi kwa dirisha. Kisha ni mabati. Kisha ni mabati juu ya maji yenyewe. Kadiri nilivyoteremka ndivyo watu walivyoongezeka na mto ukawa mweusi. Hapo nikaelewa kitu ambacho hakuna mtu wa kwetu angekielewa akiwa nyumbani. Huku, mwenye uwezo husogelea maji. Huko, mwenye uwezo huyapa mgongo, na asiye na uwezo husukumwa mpaka ukingoni. Kyalo hakuwa ametudanganya hata siku moja. Alisema anakaa karibu na mto, na sisi tukajaza mengine.

Na watu, Ndanu! Alfajiri nilisimama kwenye daraja nikawaona wakienda kazini kwa miguu, wote upande mmoja, hakuna anayezungumza, viatu tu vinasikika kwenye lami yenye maji. Walipita mpaka jua likatoka na hawakuisha. Nilikuwa nikidhani jiji lina wenyewe, na sisi wengine tunakwenda kwao kama wageni. Kila niliyemwuliza wa wapi alinitajia mahali pengine. Bungoma. Garissa. Nyeri. Homa Bay. Mama mmoja aliyekuwa anashona nguo alinitajia mji wa Kongo. Nilipewa pa kulala na kijana mmoja wa kwetu Kibwezi anayeuza vitunguu, kwenye chumba ambacho ukinyoosha miguu unagusa jiko, nikawaza kwamba mamilioni ya watu wamelala wakati ule kunizunguka, na kila mmoja anaota kwa lugha ya mama yake. Mmoja yuko ziwani, mwingine anachunga ngamia, mwingine anachuma chai. Jiji zima limelala, na hakuna hata mmoja anayeota Nairobi.

Nilimtafuta Kyalo kwa namna yetu. Nilisema, "Kyalo wa kwa Mutisya, ukoo wa Aombe." Watu walinitazama kwa upole. Mama mmoja wa kuuza githeri akaniambia, "Baba, hapa tunajuana kwa kazi na kwa mlango. Huyo ndugu yako alikuwa anafanya kazi gani?"

Sikujua. Miaka yote hiyo nilimwuliza habari ya gari na sikumwuliza hata mara moja anafanya nini akiamka asubuhi. Hilo liliniuma kuliko miguu, na bado linaniuma.

Nilimaliza mto wa kwanza, nikamaliza wa pili. Wa tatu ulikuwa Ngong, ule unaopita Mukuru, na pale nilikuta watu wamesimama juu ya vifusi wakitazama mahali palipokuwa na nyumba zao, maji yakipita kama kwamba hapajawahi kuwa na kitu. Mzee mmoja akaniuliza kama nimekwisha kwenda mochari. Alisema kwa sauti ya kawaida, namna mtu anavyokuelekeza dukani.

Nikaenda. Njiani nilikuwa napanga jinsi nitakavyomwambia Susu. Na pale langoni, juu ya jiwe, ameketi Kyalo. Matope mpaka magotini, ndara mguu mmoja tu. Nilimpiga kofi kwanza. Kisha nikamkumbatia. Kisha nikalia mbele ya mabawabu, na siioni kuwa aibu.

"Unafanya nini hapa?" nikamwuliza.

"Nimekuja kwa sababu ya Fundi."

Fundi alikuwa jirani yake, mshona viatu, mlango kwa mlango. Walikunywa chai pamoja miaka yote. Wakati Kyalo anavuta mkokoteni viwandani, Fundi ndiye aliyekuwa akimwangalizia nyumba. Maji yalipoingia, Kyalo aliamka akatoka, akapiga ule mlango wa jirani, lakini mzee alikuwa mzito wa kusikia. Walimpata chini zaidi. Kyalo alikuwa amekuja kumtambua, na alimtambua. Lakini walipomwuliza, "Anaitwa nani? Kwao ni wapi?" alikuwa na neno moja tu, Fundi. Alidhani labda ni mtu wa magharibi, kwa jinsi alivyosema baadhi ya maneno. Hakuwa na mtu wa kumpigia. Siku baada ya siku alikuwa anarudi pale langoni, akitumaini mtu atakuja akiuliza habari ya mzee mshona viatu, amwambie, yuko hapa, alikuwa mtu mzuri. Hakuna aliyekuja. Mahali fulani kuna watu walioendelea kungoja simu yake, na wakati mwingine nikiwa hapa nawafikiria, ingawa siwajui.

Nilimwambia Kyalo twende nyumbani. Akakataa.

"Nitafika na nini? Mama ameambia kanisa yote niko na ploti. Wewe mwenyewe unaniulizanga gari. Afadhali nikae hapa tu mpaka nipate kitu ya kurudi nayo."

Hapo ndipo nilipoelewa ni nini kilichomweka pale ukingoni. Kodi nafuu ilikuwa sehemu yake. Sehemu nyingine ilikuwa sisi. Tulimsifu mpaka akakosa njia ya kurudi, na utani wangu ndio uliokuwa kufuli. Nilimwomba msamaha pale pale, juu ya lile jiwe. Nilimwambia anirudie na ndara moja, hilo ndilo gari nililokuwa naulizia. Akacheka kidogo. Tukakaa pale mpaka mvua nyingine ikaanza, tukasafiri kesho yake.

Susu alikuwa amesimama njiani. Alimwangalia miguu, akamwangalia uso, akamwuliza, "Umekula?" Basi. Akamwekea uji. Baadaye kabisa, bakuli limekwisha, akamwuliza taratibu, "Na mto, mwanangu?"

Kyalo akasema, "Mto unakuja nyuma yangu, mama."

Kisha akanigeukia akaniambia tukaiondoe pampu ukingoni. Nilitazama juu. Mbingu nyeupe, hata wingu la ukubwa wa kofia halikuwepo, na hapa kwetu kulikuwa hakujanyesha tangu nilipoondoka. Nikamtania. Nilikuwa nimetoka tu kuomba msamaha kwa ajili ya utani, na bado nilimtania! Nikamwambia amekaa mjini mpaka anaogopa maji ya nyumbani. Kesho yake asubuhi mto ulikuwa umepanda chini ya jua kali, umejaa chupa na matawi na magodoro ya watu, na pampu haikuwepo. Mito yote ile ya Nairobi huteremka ikaungana kuwa huu wetu, na maji yaliyonyesha huko juu tukiwa tumekaa kwenye jiwe yalikuwa yamefika.

Na mlango huu ninaouandikia ulikuja siku hiyo. Ulikwama kwenye matete pale chini, umevunjika pembe moja, na kufuli bado limefungwa. Kyalo aliuvuta nje kwa kamba. Aligeuza lile kufuli mkononi muda mrefu. Akasema, "Mwenye hii alikuwa ameenda kazi. Amefunga kwa nje. Hakuwa ndani." Alilirudia neno hilo mara kadhaa siku ile, akiwa peke yake. Sasa unajua kwa nini hakanyagi mlango huu hata akiwa amebeba gunia, na kwa nini anamwuliza kila dereva wa lori la nyanya kama Nairobi kumenyesha. Ninyi watoto mlikuwa mnamcheka. Mimi nilikuwa nawaacha mcheke.

Leo mchana nilikuwa nimeamua kukukataza hicho chumba. Nilikuwa tayari na maneno, na sauti ya baba. Kyalo akaja akakaa pale kwenye bomba, akaniambia, "Usimkatazange. Ukimkataza ataenda tu, na hatakuambia. Mimi ningekuwa nimewaambia, si mngejua pa kunitafuta?"

Kwa hivyo sikukatazi. Najua mshahara wa kwanza unavyokuwa mdogo. Kaa hapo ukilazimika. Ukipata chumba cha juu kidogo, hata kama ni kidogo kuliko jiko letu, panda. Utakuwa mtu wa lifti, itakuwa ajabu wewe ukae chini. Na ukishindwa na jiji, au jiji likishindwa na wewe, rudi. Usingoje kupata kitu cha kurudi nacho. Nimekwisha kumweleza Susu mto wa huko ni mto wa namna gani. Nimemweleza leo, ndiyo, baada ya miaka yote hii, maana Kyalo hakuweza na mimi sikutaka. Akasema, "Kwa hiyo alikuwa anateseka na mimi nilikuwa naimba." Ameingia ndani, na nadhani kesho atakushika mkono muda mrefu kuliko kawaida. Mwachie tu.

Ukifika, kabla hujatandika kitanda, gonga mlango wa kushoto na wa kulia. Waulize majina yao yote mawili, na kwao ni wapi, na nani anangoja simu yao. Watakuona mshamba. Wewe kubali tu kuwa mshamba. Nao uwaambie yako: Ndanu wa kwa Mutisya, Kibwezi, shamba la chini mtoni, pale penye mlango wa buluu uliolala chini. Dereva yeyote wa nyanya anapajua.

Na Kyalo ana ombi, amenisimamia hapa niliandike. Ukisikia mvua imeanza huko, saa yoyote, toka uende mahali pa juu, kisha umpigie. Si lazima uzungumze mengi. Useme tu, "Anko, imenyesha." Hayo maji yakishapita mlangoni pako yatakuja kwetu, na sisi tutakuwa tumeshaondoa pampu.

Anasema pampu inamhitaji mtu huko juu. Anasema hivyo huku ameangalia kando, na mimi na wewe tunajua hasemi habari ya pampu. Simu yake haitazimwa. Mpigie, mwanangu, tusikie sauti yako kabla ya maji.

Baba yako.